SOMO LA AFYA: JE, NI KWELI MBOGA HUZUIA KANSA? TUJIFUNZE KUPIMA UZITO WA UTAFITI

Somo la leo linahusu mboga na ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani. Lakini hasa linahusu swali hili: mtu akikuambia "utafiti umethibitisha", utajuaje kama utafiti huo una uzito?

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana, katika kikao cha lishe karibu na bomba la maji, nilisimama mbele ya akina mama wapatao thelathini nikasema: "Mkila mboga za majani kila siku, kansa haitawapata." Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo kwenye karatasi, nikaona ni mazuri ya kuwatia watu moyo walime bustani.

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja jirani aliniita pembeni. Alikuwa na uvimbe katika titi, na uvimbe huo ulikuwepo tangu kabla ya mvua. Hakwenda kituo cha afya. Alikuwa akila lengalenga na sombe mara mbili kwa siku, na juu yake alinunua unga wa majani makavu kutoka kwa mwuzaji anayepita nyumba kwa nyumba. Nilipomwuliza kwa nini hakuja mapema, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, si wewe uliyetufundisha?"

Kesho yake tulikwenda pamoja kituoni, akapewa rufaa. Sasa yuko kwenye matibabu. Lakini daktari alisema wazi kwamba kazi ingekuwa rahisi zaidi kama angefika mapema. Mama huyu ameniruhusu niandike habari yake bila kumtaja jina. Alisema: "Andika, wengine wasikie."

MANENO HAYO YALITOKA WAPI?

Mwuzaji wa unga alikuwa na karatasi iliyosema kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa wanaokula mboga na matunda mengi wana nusu tu ya hatari ya kupata kansa. Mimi nilidhani ni uongo mtupu. Nikamwomba tabibu wa kituo chetu anisaidie kutafuta habari hiyo ilianzia wapi. Nilishangaa, kwa sababu tafiti za namna hiyo zipo kweli.

Mwaka 1992 watafiti watatu wa Marekani, akiwemo Gladys Block, walikusanya tafiti zilizokwisha kufanyika juu ya mboga, matunda na kansa. Katika tafiti 156 walizozilinganisha, 128 zilionyesha kwamba mboga na matunda vinakinga. Kwa aina nyingi za kansa, waliokula kidogo sana walikuwa na hatari kama mara mbili ya wale waliokula sana. Hapo ndipo "nusu" ya mwuzaji ilipotoka. Mwaka 1997 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Kansa ulitoa ripoti kubwa, ukasema ushahidi kwamba mboga hukinga baadhi ya kansa, kama za mdomo, koo, tumbo na mapafu, ni wa kuaminika kabisa.

Lakini mwaka 2007 mfuko huo huo ulitoa ripoti ya pili, ukashusha daraja. Hakuna hata aina moja ya kansa ambayo ushahidi wa mboga uliachwa katika daraja la juu. Kwa kansa za mdomo, koo na tumbo walisema tu kwamba "huenda" mboga zinakinga.

Je, mboga zilibadilika katika miaka kumi? Hapana. Kilichobadilika ni ubora wa tafiti. Hilo ndilo somo letu.

NAMNA NNE ZA KUTAFUTA UKWELI

Si kila kinachoitwa utafiti kina nguvu sawa. Tuanze na kilicho dhaifu kabisa.

1. Ushuhuda wa mtu mmoja. "Shangazi yangu alikunywa maji ya majani, akapona." Hatujui kama kweli alikuwa na kansa, wala kama alitumia pia dawa ya hospitali. Hatuwasikii pia wale waliokunywa majani hayo wakafa, kwa sababu marehemu hatoi ushuhuda.

2. Kuuliza wagonjwa na wazima. Watafiti huchukua watu wenye kansa na watu wasio nayo, kisha huwauliza wote: "Zamani ulikuwa unakula nini?" Halafu hulinganisha majibu. Utafiti huu ni wa haraka na hauna gharama kubwa. Nyingi kati ya tafiti zile 156 zilikuwa za namna hii.

3. Kufuatilia wazima. Watafiti huandikisha watu wengi ambao bado wazima, huwauliza wanakula nini sasa, kisha huwafuatilia miaka mingi kuona nani ataugua. Huchukua muda mrefu na fedha nyingi, lakini una nguvu zaidi, kwa maana chakula kimeandikwa kabla ugonjwa haujajulikana.

4. Jaribio la kugawa kwa kura. Watu hugawanywa makundi mawili kwa kura, kama tunavyopiga kura tukitaka kugawa kitu bila upendeleo. Kundi moja hupewa chakula au kidonge kinachopimwa, la pili halipewi. Kwa kuwa kura haijui nani tajiri, nani maskini, nani mvutaji wa sigara, makundi yote mawili hufanana. Tofauti ikitokea baadaye, tunaweza kusema imeletwa na kile kilichotolewa.

MAKOSA YANAYOJIFICHA

Kwa nini kuuliza wagonjwa na wazima kunaweza kutupotosha? Tuchukue mfano wa hapa kambini.

Kosa la kumbukumbu. Mimi nikikuuliza leo, "Miaka mitano iliyopita ulikula mboga mara ngapi kwa juma?", utanijibu nini? Wengi wetu miaka mitano iliyopita tulikuwa mahali pengine kabisa, wengine njiani. Mtu mzima atajibu haraka tu. Lakini mgonjwa amelala usiku mwingi akijiuliza, "Nilikosa nini?" Kwa hiyo huenda akasema alikula mboga chache kuliko ukweli. Majibu yao yanatofautiana hata kama walikula sawa.

Kosa la ugonjwa kutangulia. Mtu mwenye kansa ya koo au ya tumbo huanza kushindwa kula muda mrefu kabla ya kupimwa. Mboga ngumu zinamkwama, anabaki na uji. Mtafiti akija atasema: "Ameugua kwa sababu hakula mboga." Kumbe hakula mboga kwa sababu alikuwa ameanza kuugua.

Kosa la kundi la kulinganisha. Tuseme nataka watu wazima 100 wa kulinganisha na wagonjwa. Napita kwenye mabloku saa nne asubuhi. Nani atakubali kukaa nami nusu saa? Mara nyingi ni yule anayependa mambo ya afya, mwenye bustani, asiyelewa pombe. Yule mwingine atanifukuza, au hayupo. Basi wazima wangu wataonekana wanakula mboga kuliko wakaaji wa kawaida.

Kosa la sababu iliyojificha. Hili ni kubwa kuliko yote, na linaweza kuharibu hata utafiti wa kufuatilia. Mtu anayekula mboga kila siku mara nyingi havuti sigara, hanywi sana pombe, ana kipato kidogo cha kununua nyanya na mafuta, na akiumwa huenda hospitali. Je, kilichomkinga ni mboga au kuacha sigara? Sigara inasababisha kansa ya mapafu kwa nguvu sana hivi kwamba tofauti ndogo tu ya uvutaji inaweza kujifanya kuwa kazi ya mboga. Watafiti hujaribu kuondoa jambo hilo kwa hesabu, lakini hawawezi kuondoa wasichokiuliza.

TAFITI ZENYE NGUVU ZILISEMA NINI?

Mwaka 2004 zilitolewa habari za utafiti wa Marekani uliofuatilia karibu watu 110,000, wanawake wauguzi na wanaume wa kazi za afya. Waliokula mboga na matunda mengi walipata ugonjwa wa moyo na mishipa kidogo kuliko wengine, hasa waliokula mboga za majani. Lakini kwa kansa zote zikijumlishwa, hakukuonekana tofauti.

Mwaka 2010 zilitolewa habari za utafiti mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 470,000 katika nchi 10 za Ulaya, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 9. Kila nyongeza ya gramu 200 za mboga na matunda kwa siku ilikwenda pamoja na upungufu wa asilimia 3 tu wa hatari ya kansa. Watafiti wenyewe walionya kwamba namba ndogo hivyo isomwe kwa uangalifu.

Asilimia 3 maana yake nini? Tuseme katika watu 1,000 wa umri fulani, 100 wangepata kansa. Ikipungua asilimia 3, watapata 97. Si jambo la kudharau kwa wale watatu. Lakini 97 bado wataugua, na wengine kati yao walikula mboga vizuri. Linganisha hiyo na "nusu" ya mwuzaji, ambayo ingewaacha wagonjwa 50 tu.

Sasa sikilizeni jaribio linalomhusu hasa yule mama jirani yangu. Nchini Marekani wanawake 3,088 waliokwisha kutibiwa kansa ya titi hospitalini waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa na kusaidiwa kula mboga nyingi sana, pamoja na kunywa maji ya mboga zilizokamuliwa kila siku. Kundi la pili lilipewa maandishi ya ushauri wa kawaida wa lishe. Walifuatiliwa kwa miaka zaidi ya 7. Habari zake zilitolewa mwaka 2007. Kansa ilirudi au kuanza upya kwa asilimia 16.7 ya kundi la mboga nyingi, na kwa asilimia 16.9 ya kundi la pili. Yaani ni sawasawa. Na angalieni: wanawake wote hao walikuwa wametibiwa kwanza. Hakuna aliyeambiwa aache daktari ale majani.

VIDONGE VILIVYOLETA MADHARA

Mtu anaweza kusema: "Hata kama hazisaidii sana, zitadhuru nini?" Mboga zenyewe hazidhuru. Lakini kitu kilichokamuliwa kutoka kwenye wazo la mboga kinaweza kudhuru, na hili lilionekana wazi.

Katika mboga za majani, karoti, boga na viazi vitamu vya njano kuna kitu kinachoitwa betakarotini. Tafiti za kwanza zilionyesha kwamba watu wenye betakarotini nyingi walipata kansa ya mapafu kidogo. Wataalamu wakafikiri: basi tuwape wavutaji sigara kidonge chake.

Nchini Finland wanaume wavutaji 29,133 waligawanywa kwa kura. Mwaka 1994 majibu yalitoka: waliopewa betakarotini walipata kansa ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Marekani nako lilifanyika jaribio kama hilo, lakini huko kidonge kilitiwa vitamini A pamoja na betakarotini. Watu 18,314 walishiriki, wavutaji, waliowahi kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Mwaka 1996 ilibidi vidonge visimamishwe kabla ya wakati, kwa sababu waliovimeza walikuwa na kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 28.

Tafiti dhaifu zilikuwa zimeonyesha kinga, kura ikaonyesha madhara. Kama vidonge vingegawiwa bila kupimwa hivyo, nani angejua?

Tahadhari: Jambo hili lisichanganywe na matone ya vitamini A wanayopewa watoto wadogo kliniki kila baada ya miezi sita. Hayo yalipimwa kwa ajili ya watoto na yana faida yake. Mama, endelea kumpeleka mtoto.

NANI ALIPIMWA?

Swali jingine la kuuliza ni hili: watu wa utafiti wanafanana nasi? Tafiti za kufuatilia na za kura nilizozitaja zilifanyika Ulaya na Marekani, kwa watu wengi walioshiba. Hakuna kati yao aliyekula mgao wa mahindi, maharage na mafuta mwezi mzima.

Kuna jaribio moja tofauti. Huko Linxian nchini China, mahali palipokuwa na kansa nyingi ya koo na tumbo na watu wenye upungufu wa vitamini, watu wazima 29,584 walipewa kwa kura vidonge vya namna mbalimbali kwa miaka zaidi ya 5. Majibu yalitoka mwaka 1993. Waliopewa betakarotini pamoja na vitamini E na seleniamu walikufa kidogo kuliko wengine, kwa asilimia 9, na vifo vya kansa ya tumbo vilipungua kwa asilimia 21.

Basi kidonge chenye betakarotini kiliwadhuru wavutaji wa Finland, na kilipochanganywa na vitamini nyingine kiliwasaidia wakulima wa China wenye upungufu. Hii haituruhusu kusema unga wa mwuzaji ni dawa, kwa kuwa unga huo haujapimwa na yeyote. Inatufundisha tu kwamba jibu la watu wa mbali haliwi jibu letu moja kwa moja, liwe zuri au baya.

BASI TUACHE KULA MBOGA?

Hapana! Asije mtu akasema gazeti la afya limekataza mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Mihogo na viazi haviingii katika hesabu hiyo. Najua kwa wengi wetu gramu 400 ni ngumu kuzipata. Kila fungu unaloongeza lina faida: kwa moyo, kwa choo, kwa macho ya watoto, na kwa kuupa mwili vitamini ambazo mgao hauna. Ndiyo maana bustani za magunia ziendelee. Sombe itwangwe na kuchemshwa hadi iive kabisa, kwa maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Kama unataka kujikinga na kansa, yako mambo ambayo ushahidi wake una nguvu kuliko wa mboga:

- Usivute sigara wala kutafuna tumbaku.
- Punguza pombe au iache kabisa.
- Usile mahindi na karanga zenye ukungu. Sumu ya ukungu huo huleta kansa ya ini. Anika vizuri, hifadhi pakavu, na zilizoharibika zitupe.
- Watoto wapate chanjo ya homa ya ini aina ya B, na wasichana chanjo ya kansa ya shingo ya kizazi inapotolewa.
- Ukiona uvimbe wowote mpya, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida, kushindwa kumeza, au kukonda bila sababu, nenda kituo cha afya juma hilo hilo. Usingoje mboga zifanye kazi.

MASWALI SABA YA KUMWULIZA ANAYESEMA "UTAFITI UMETHIBITISHA"

1. Ni ushuhuda wa mtu mmoja, au watu wengi walipimwa?
2. Chakula kiliandikwa kabla ya ugonjwa, au mgonjwa aliulizwa baadaye?
3. Watu waligawanywa kwa kura?
4. Kuna sababu iliyojificha, kama sigara, pombe au umaskini?
5. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani? Ni wangapi katika 1,000?
6. Tafiti nyingine zilipata jibu hilo hilo?
7. Anayekuambia anauza nini?

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani au katika kikundi, mjibu kabla ya kusoma majibu.

(a) Mtafiti amewauliza wagonjwa 50 wa kansa ya tumbo na wazima 50. Wagonjwa wanasema hawakula mboga mwaka uliopita. Je, ukosefu wa mboga ndio uliowaletea kansa?

(b) Jirani anasema: "Wala mboga wa kanda yetu hawaugui kansa." Utamwuliza nini?

(c) Mama ana uvimbe katika titi, anakula mboga kila siku na hasikii maumivu. Afanye nini?

Majibu: (a) Hatuwezi kusema. Huenda ugonjwa ulianza kabla, ukawazuia kula. (b) Wako wangapi, nani aliwahesabu, wanavuta sigara, na nani aliwapima? (c) Aende kituo cha afya bila kungoja. Uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni.

Ndugu wasomaji, nilirudi pale bombani, nikawaeleza akina mama wale kwamba nilikosea, na kwa nini. Mmoja alicheka akasema, "Kumbe hata walimu husahihishwa!" Ndiyo, husahihishwa, na wanasayansi pia. Tangu siku hiyo akina mama wawili wamekuja kuniambia juu ya uvimbe, nikawasindikiza kituoni. Mmoja aliambiwa si kansa. Wa pili anangoja majibu.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa kujitolea wa bloku yako. Huduma ni bure, na siri yako italindwa.